Miche ya Mwisho Inaponyauka: Kukagua Umwagiliaji wa Matone
Wakati wa kiangazi cha Tabora, kila ndoo ya maji ina thamani. Katika bustani za Cheyo zinazomwagiliwa kwa matone, miche ya mwisho ikinyauka ilhali iliyo karibu na pipa imelowa, kuongeza maji huongeza gharama tu.

Mkazi atege vikopo viwili, chini ya tundu la kwanza na la mwisho, kwa saa moja, kisha alinganishe. Vikitofautiana sana, asafishe chujio, afungue ncha ya mpira ili mchanga utoke, na azibue matundu.

Tofauti ikibaki, pipa liinuliwe: kimo cha maji kikipanda kutoka nusu mita hadi mita moja, msukumo huwa maradufu. Mpira mrefu ugawanywe, ulazwe tambarare.