Mkono Uliovimba

Huenda umemwona mama kijijini ambaye mkono wake mmoja ni mnene kuliko wa pili, na watu wakanong'ona kwamba amerogwa. Somo letu la leo ni juu ya mkono huo: kwa nini huvimba, na hutunzwaje.

Kila mwanafunzi ajua kwamba damu hupita katika mishipa. Lakini sehemu ya maji ya damu hupenya nje ya mishipa iliyo myembamba kabisa, yakalisha nyama ya mwili. Maji hayo hukusanywa na mishipa mingine, iitwayo mishipa ya limfu, yakarudishwa katika damu karibu na shingo. Mwaka 1622 tabibu Mwitalia, Gaspare Aselli, alipasua mbwa aliyekuwa amekula karibuni, akaona nyuzi nyeupe tumboni. Alipokata mmoja, yakatoka maji meupe kama maziwa. Hiyo ndiyo mishipa tunayoisema.

Njiani limfu hupita katika tezi, ambazo huchuja vijidudu. Mtu akiwa na kidonda mguuni, tezi za kinenani hufura, nasi twasema ana mtoki. Tezi za mkono zi kwapani.

Sasa fikiri juu ya mfereji wa shamba. Ukizibwa, maji hujaa nyuma yake. Mwanamke mwenye saratani ya titi mara nyingine huondolewa tezi za kwapani, au hutibiwa kwa mionzi mahali hapo. Matibabu hayo huokoa maisha, lakini njia ya limfu huharibika, na mkono waweza kuvimba baada ya miezi, hata miaka. Tena kuna minyoo midogo sana iletwayo na mbu, ambayo huharibu mishipa hiyo hiyo. Hayo ndiyo matende, nayo hushika miguu zaidi, lakini hata mikono.

Dalili za kwanza ni ndogo: pete yabana, mkono wa gauni hauingii, mkono wenyewe ni mzito. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mikono yote miwili mahali pale pale. Ukipita mwingine kwa sentimita 2, mgonjwa na aende hospitali. Mkono ukivimba ghafula asingoje hata siku moja, maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Kosa lililo baya kuliko yote ni kuchanja mkono huo kwa wembe ili "maji yatoke". Maji hayatakwisha, bali chale ni mlango wa vijidudu, na mkono wenye limfu iliyotuama hauwezi kupigana nao vizuri. Kila mara vijidudu wakiingia, mishipa huharibika zaidi. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi gusa. Mkono ukiwa wa moto na kuuma, na mgonjwa ana homa, apelekwe hospitali siku ile ile.

Matunzo ni manne. Kwanza, ngozi: ioshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ikaushwe hata katikati ya vidole, ipakwe mafuta, na wakati wa kulima mgonjwa avae glavu. Pili, bendeji au vazi la kubana, baada ya tabibu kumwonyesha namna: hukaza zaidi kiganjani, hulegea kuelekea begani. Tatu, mazoezi. Zamani wagonjwa walikatazwa kuinua kitu kizito, lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kuinua vyuma kwa utaratibu, kidogo kidogo, hakukuzidisha uvimbe. Nne, kukandwa polepole na mtu aliyefundishwa, ili limfu ipate njia nyingine. Dawa za kukojosha hazifai kwa uvimbe huu.

Ugonjwa huu kwa kawaida hauishi kabisa. Lakini mkono unaotunzwa kila siku hupungua, ukapika, ukalima na kubeba mtoto. Usiotunzwa huwa mgumu kama gome. Basi ninyi mlio shuleni, na ninyi mliokwisha kutoka, mkisikia nyumbani neno la uchawi au la wembe, semeni mnayoyajua. Kisha msiishie kwenye kusema: mchukueni mama hospitali, na jioni mteleeni maji ya kuoshea mkono.