Diteka Ufuoni: Kilicho Chako na Kilicho cha Taifa

Mchanga ulio kati ya maji kujaa na maji kupwa si wa hoteli, hata kama hoteli imeupangia viti na kumsimamisha mlinzi mwenye rungu. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kinauhesabu kuwa ardhi ya umma, iliyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Una haki ya kupita hapo. Lakini haki ya kupita si haki ya kuchimba, na hapo ndipo wengi walionunua diteka, ile mashine ya kutafutia vyuma, wanapojikwaa.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamkataza mtu yeyote kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, bila leseni ya utafutaji. Watu hudhani katazo hili ni la Fort Jesus na Gede tu. Sivyo. Linashika kila mahali, pawe pametangazwa kuwa eneo la ulinzi au la. Kwa hiyo swali la kwanza ni unatafuta nini. Ukimsaidia mgeni kutafuta pete iliyomponyoka jana Kikambala, hutafuti kitu cha kale. Ukienda Mambrui kwa sababu umesikia wataalamu walipata sarafu ya Kichina huko mwaka 2010, unahitaji leseni hata kama hujashika jembe.

Mahali napo pana wenyewe. Katika hifadhi za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, mwenye neno ni KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Usichimbe wala kuokota bila idhini yao. Bustani za mijini ziko chini ya kaunti, na kanuni hutofautiana, hivyo omba ruhusa kwa maandishi kabla hujawasha mashine. Afisa akikwambia hairuhusiwi, muombe kwa adabu akuonyeshe kanuni yenyewe, maana Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Sasa mashine imelia na umefukua sarafu mbili mahali pamoja. Moja ina tundu katikati, senti kumi ya mkoloni. Nyingine ni ya shaba, ina picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria: pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, sawa na mwaka 1882 hivi. Kwa macho zote ni kuukuu. Kwa sheria zimeachana kabisa, kwa sababu kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ile ya tundu haifiki huko. Ya Barghash, ikiwa ilikuja enzi zake, ni mali ya serikali tangu ilipokuwa mchangani. Ukivuka Lungalunga kuingia Tanzania Bara, mwaka wa kipimo unakuwa 1863.

Ukiangukia kitu kama hicho bila kukitafuta, hujakosa. Una siku saba za kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa mahali hasa ulipokipata na jinsi ulivyokipata, na kukikabidhi. Usikisugue kwa mchanga wala ndimu. Acha kuchimba, piga picha shimo kabla ya bamvua kulifukia, andika mahali, kisha omba hati ya kupokelewa unapokabidhi.

Sheria inasisitiza mahali kwa sababu nzuri. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizipeleka kwa wataalamu mwaka 1979. Sarafu zilisomeka vizuri, lakini zilifikaje huko ng'ambo ya bahari? Wataalamu wanabishana hadi leo, wakitegemea alama aliyoitia kwenye ramani. Kipande hicho cha historia ya Waswahili kinaning'inia kwenye alama hiyo moja.

Pete, mkufu au simu ya juzi ni habari nyingine. Kanuni ya Adhabu haikuhesabu kuwa mwizi ikiwa humjui mwenyewe na una sababu ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Pete iliyochongwa majina ndani ina mwenyewe anayetafutika. Ulizia hoteli za jirani, ripoti polisi, chukua nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Ukikuta risasi au kombora, usiliguse; rudi nyuma uwaite polisi.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita; ikiwa muda huo unaishia siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Mashine yako ikichukuliwa, taka iandikwe kwenye orodha ya vitu vilivyozuiwa, pamoja na nambari yake ya kiwandani, na usitie sahihi orodha usiyoisoma.