Mali na Mpaka Wake

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani (384–322 kabla ya Masihi), aliugawa uchumaji mafungu mawili. La kwanza ni kutafuta mahitaji ya nyumba, nalo lina mpaka. La pili ni kutafuta fedha kwa ajili ya fedha, nalo halina kikomo.

Mkulima wa Handeni auzaye mahindi Korogwe ili apate nguo na chumvi yumo katika la kwanza. Amkopeshaye mwenye njaa shilingi 10,000 na kudai 15,000 yumo katika la pili. Aristotle aliuchukia uchumaji huo kuliko wote, kwani fedha iliwekwa ili watu wabadilishane vitu, si izae. Na Wayunani waliiita riba “tokos”, yaani uzao.

Uislamu nao umehalalisha biashara, ukaharamisha riba. Basi tujiulize: mali yetu yalisha nyumba, au yamla jirani?