Darsa la siku ya 17: Hela ya ufuta, akaunti ya akiba na ile asilimia kumi



Ndugu zangu wa hapa Kisaki, na nyie mliotawanyika Morogoro mjini, Dar na kwingineko, swaumu maqbul. Leo darsa ni refu kidogo, mtanivumilia. Mwenye bando dogo asome kwa vipande.

Maswali yaliyoingia wiki hii mengi ni ya zaka. Kuna moja nimeliona lina maswali matatu ndani yake. Muulizaji anasema: "Ustadhi, nimechukua taarifa ya akaunti yangu, nikakuta benki wameniongezea hela, halafu mstari wa chini yake imekatwa kodi. Sasa si nimeshatozwa? Hiyo iliyobaki si imeshakuwa safi? Na zaka yangu je, si inapungua?"

Swali zuri sana, na naamini wengi tunalo ila tunaona aibu kuuliza.

Tuanze na jinsi wengi wetu tulivyopata akaunti. Mkulima anayeuza ufuta kupitia AMCOS na stakabadhi ghalani hapewi hela mkononi, analipwa benki. Kwa hiyo tulifungua akaunti kwa sababu tuliambiwa leteni namba ya akaunti. Tulijaza fomu tumesimama kwenye foleni, tukaweka dole gumba, tukaondoka. Nani aliuliza ile ni akaunti ya aina gani? Wengi walipewa akaunti ya akiba ya kawaida, na akaunti ya akiba ya kawaida inalipa riba. Yaani mtu yupo kwenye jambo zito bila hata kujua kuwa aliingia.

Na tusilifanye jepesi. Suratul Baqara, kuanzia aya ya 275 hadi ya 279, inatenganisha biashara na riba: ya kwanza imehalalishwa, ya pili imeharamishwa, na wanaoendelea nayo wametajiwa vita kutoka kwa Allah na Mtume wake. Na hapo benki zenyewe hazijatuficha kitu. Kipeperushi cha Kiswahili kinaandika *riba* kwa herufi kubwa, tena kwa kujisifu. Sisi ndio tunaosoma tukaita "faida kidogo".

Sasa ile kodi. Inaitwa *kodi ya zuio*. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaitaka benki, kila inapomlipa mteja riba, izuie asilimia 10 ya riba hiyo na kuipeleka TRA. Kwa mtu binafsi anayeishi Tanzania, kodi hiyo ndiyo ya mwisho kwa riba ya benki, hutakiwi kwenda TRA kuitolea maelezo tena. Na hapa niondoe hofu moja inayozunguka vijiweni, kwamba ukiweka hela benki serikali inachukua asilimia kumi ya hela yako. Hapana. Inakatwa kwenye kile kilichoongezwa tu. Mtaji wako haujaguswa. Nawaomba hili mlifikishe kwa wazee, kwa sababu wapo wanaoweka hela ya msimu mzima ndani ya godoro kwa uvumi huu, na nyumba zetu hizi mnazijua: moto upo, mafuriko ya masika yapo, na wezi nao hawafungi.

Tufanye hesabu kwa mfano, tarakimu ni za kujifunzia tu. Una shilingi 2,000,000 kwenye akaunti ya akiba, riba asilimia 2 kwa mwaka. Benki inakuandikia 40,000. Inakata kodi 4,000. Unabaki na ongezeko la 36,000, na taarifa inasoma 2,036,000 kabla ya makato ya huduma. Ungeweka hizo hizo kwenye akaunti ya muda maalumu, tuseme kwa asilimia 8, ungeandikiwa 160,000, kodi 16,000, mkononi 144,000.

Basi tumjibu muulizaji. Je, hiyo 36,000 imesafishwa na kodi? Haijasafishwa. Kodi ni haki ambayo serikali imejiwekea juu ya pato. TRA haiulizi pato ni halali au haramu, na ikichukua sehemu yake haibadilishi hukumu ya sehemu iliyobaki. Mtu akikatwa kodi kwenye mauzo ya pombe, pombe haiwi juisi.

Je, kodi inahesabiwa kuwa zaka? Hapana tena. Zaka ni ibada, ina nia yake, kiwango chake na watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba aya ya 60. Kodi haina nia hiyo wala haiendi kwa watu hao.

Na hiyo 36,000 tuifanyeje? Wanazuoni wengi wa zama zetu wanasema usiiachie benki na usiile. Itoe kwa masikini au kwenye maslahi ya watu wote, kwa nia ya kujitoa kwenye haramu, bila kutarajia thawabu za sadaka. Angalia vizuri hapo: unatoa 36,000, siyo 40,000, kwa sababu ile 4,000 hukuishika kamwe, ilizuiwa kabla ya kukufikia. Halafu zaka unaihesabu kwenye 2,000,000 iliyo mali yako. Ikiwa imefika nisabu na imetimiza mwaka, asilimia 2.5 yake ni 50,000. Kwa hiyo ndugu yetu ana mafungu matatu yasiyochanganyika: 4,000 iliyokwenda TRA, 36,000 ya kuitoa yote, na 50,000 ya zaka. Anayetoa ile 36,000 akasema "hiyo ndiyo zaka yangu, nimebakiza 14,000", huyo hajatoa zaka yake kamili, na kile alichotoa hakikuwa mali yake.

Nisabu ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha. Kwa dhahabu ni mamilioni mengi. Kwa fedha ni chini zaidi kwa mbali, na wanazuoni wengi wanaipendelea fedha katika hela za makaratasi kwa sababu masikini ananufaika zaidi. Bei inapanda na kushuka, muulizeni sonara mjini siku mnayopiga hesabu. Na mwaka ni wa mwezi muandamo, siku 354 au 355. Ukitumia Januari hadi Desemba unachelewesha zaka kwa siku kama 11 kila mwaka, na baada ya miaka thelathini na kitu umeruka zaka ya mwaka mzima. Ndiyo maana wengi wanaifunga hesabu yao kwenye Ramadhani.

Kidogo kuhusu ufuta wenyewe, kwa kuwa najua swali linakuja. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo tuliyoikuta kwa masheikh wetu wa mwambao na bara, zaka ya mazao siku ya kuvuna ni kwa chakula kikuu kinachohifadhika: mpunga, mahindi, mtama. Ufuta haumo. Maimamu wengine, kama Abu Hanifa, wanauingiza. Ukifuata Shafii, hela ya ufuta inaanza kuhesabiwa mwaka tangu siku ilipoingia mikononi mwako au kwenye akaunti yako. Ile meseji ya benki basi usiifute, ndiyo tarehe yako.

Sasa tuchague akaunti. Sitaki mtu atoke hapa akafunge akaunti kesho asubuhi akarudi kwenye godoro, maana kuilinda mali nako kumeamrishwa.

Njia ya kwanza ni akaunti isiyolipa riba kabisa. Akaunti ya hundi kwa kawaida hailipi, ila ina makato ya kila mwezi, uliza kabla. Isiyo na riba haina kodi ya zuio pia, maana hakuna cha kukata.

Njia ya pili ni benki au dirisha la Kiislamu. Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayoendeshwa yote kwa misingi hiyo. Benki nyingine kubwa zina madirisha yake: CRDB wana Al Barakah, NBC na KCB nao wanayo, na PBZ ya Zanzibar pia. Humo utakutana na maneno mawili. *Wadia* ni amana: unaweka, unarudishiwa chako, hujaahidiwa ongezeko. *Mudaraba* ni ubia: wewe unatoa mtaji, benki inafanya kazi, faida mnagawana kwa uwiano mliokubaliana mwanzo, kwa mfano 60 kwa 40. Hapo lazima niseme ukweli ambao matangazo huupitia haraka. Kwenye mudaraba, ikitokea hasara ya biashara bila uzembe wa benki, hasara ni ya mwenye mtaji. Akikwambia afisa "tunakuhakikishia asilimia 8 kila mwaka", mwambie kwa adabu, "kaka, hiyo imekuwaje ubia?" Muulize pia uwiano anaokutajia ni kabla au baada ya makato na kodi. Na muulize bodi ya sharia ya benki ni akina nani. Ni haki yako, usione unamsumbua.

Kabla ya jina zuri la akaunti, sisi wa Kisaki tuangalie wakala. Mjini ni zaidi ya kilomita mia, na masika barabara ya Mvuha mnaijua. Akaunti halali ambayo kila ukitaka laki moja lazima upande gari itakumalizia hela kwa nauli. Uliza: wakala wao yupo hapa? Anakuwa na pesa za kutosha msimu wa ufuta?

Na usalama. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ya wakulima wa Kagera. Wenye akaunti walikuwa watu kama sisi. Ipo Bodi ya Bima ya Amana, inayomlipa mteja benki ikifa. Kikomo kilikuwa 1,500,000 na mwaka 2023 kikapandishwa hadi 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Kikundi chenye hela nyingi kuliko hapo kifikirie kugawa.

Simu nazo msizisahau. Tangu 2014, Tigo Pesa walipoanza kugawia wateja, tumezoea kuona "gawio" linaingia tu. Hela hiyo chanzo chake ni pesa zetu zilizowekwa benki na kulipwa riba. Wala jina "gawio" au "bonasi" halibadilishi chanzo. Hukumu yake ni ile ile ya 36,000.

Vikoba tutavigusa siku nyingine, maana humo riba tunatozana wenyewe na hakuna TRA wa kumsingizia.

Kazi ya leo: mwenye akaunti achukue taarifa ya mwaka mzima, kwa wakala au kwenye simu, atafute mistari ya riba na ya kodi ya zuio, aziandike kwenye daftari. Asiyejua kusoma taarifa aje nayo baada ya alasiri msikitini, tutaisoma pamoja, salio lake afunike kwa kidole.

Wallahu a'lam. Kesho in shaa Allah: anayedaiwa, je, anatoa zaka?