Kuangamiza Koa Bustanini

Mvua za vuli zinyeshapo huko Zombe, Kitui, mwenye bustani huweza kuamka akakuta miche ya sukuma wiki imeliwa, na alama za ute ung'aao juu ya udongo. Mwizi huyo ni koa, nduguye konokono asiye na gamba. Hula usiku, mchana hujificha penye unyevu.

Basi fanya hivi. Jioni, laza mbao au magunia yaliyoloweshwa kati ya matuta. Asubuhi funua, waokote koa kwa kijiti, uwatie katika maji ya chumvi. Usimwage chumvi bustanini, maana huharibu mimea. Mwagilia asubuhi, si jioni. Fyeka nyasi ndefu. Majivu makavu huwazuia, lakini yakilowa hayafai. Usichelewe: mayai yao yaliyo udongoni yakianguliwa, mboga ya watoto imo hatarini tena.