Gari la Spidi Kwenye Baridi ya Minnesota: Fundi Anajibu

Baridi ya huku haifanani na ya Makete wala ya Limuru. Tarehe 30 Januari 2019, hapa Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Wenye Mustang, Corvette na BMW M hukumbuka gari linataka nini pale linapogoma, ndipo huandika barua, na kila msimu barua ni zilezile. Nimechagua zinazonikera na zinazonitia hofu. Anayetaka kujua boneti inafunguliwaje, asome kitabu cha gari lake.

Swali: Shikamoo fundi. Barabara kavu kabisa, theluji hakuna, lakini Mustang yangu inateleza kama imemwagiwa sabuni. Tatizo ni difu?

Jibu: Marahaba. Iache difu, tazama matairi. Gari lako limevaa matairi ya kiangazi, na mpira wake huanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Theluji iwepo isiwepo, halishiki barabara. Ikishuka zaidi, kuanzia kama nyuzi 7 chini ya sifuri, mpira unaweza kupata nyufa kwa kulitoa tu gari bandani. Watengenezaji wameandika onyo hilo, watu hawasomi. Funga matairi ya baridi yote manne, usifunge mawili ya nyuma ukadhani umeokoa fedha. Upepo nao upime upya: kila baridi ikizidi kwa nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza karibu psi 1. Na wewe mwenye Subaru WRX unayejigamba kwamba gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, hiyo inakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari lina breki nne.

Swali: (Barua kadhaa nimezijibu pamoja.) Mmoja ameambiwa aache injini ingurume nusu saa kabla ya kuondoka. Mwingine huwasha gari kwa rimoti akiwa bado anaoga. Wa tatu anauliza kwa nini oili yake inaongezeka bila kuongezwa.

Jibu: Wa tatu amewajibu wenzake wawili. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kinuse. Kikinuka petroli na alama imepanda, hiyo nusu saa yako ndiyo imeingia humo.

Ushauri huu wa nusu saa ulikuwa na maana enzi za kabureta, injini ilipokuwa ikizimika kwenye makutano kwa sababu mchanganyiko wa hewa na petroli ulivurugika kwenye baridi. Kabureta zimekwisha, ushauri umebaki, na kila mjomba anaurithisha. Sikilizeni kinachotokea ndani. Petroli baridi haigeuki mvuke kirahisi, kwa hiyo kompyuta huongeza petroli ili injini iwake. Isiyoungua hutiririka kwenye kuta za silinda, ikaosha utando wa oili unaolinda pistoni, kisha ikashuka chini kuchanganyika na oili na kuifanya nyepesi. Injini isiyofanya kazi hutoa joto kidogo, hivyo ukiiacha inanguruma umeirefushia hali hiyohiyo unayotaka itoke. Injini za turbo zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda ndizo zinazoumia zaidi.

Halafu balaa la pili. Mshale wa maji umefika katikati, mwenye gari anasema limepata moto, anaingia barabara kuu na kukanyaga mafuta hadi chini. Maji hupata moto kabla ya oili. Na gia, difu, beringi na shokomzoba hazijapata chochote katika ile nusu saa. Hizo hupashwa na mwendo tu. BMW wameweka kwenye magari kadhaa ya M taa zinazoonyesha kikomo cha chini cha mizunguko mpaka injini ipate joto. Hawakuziweka kwa urembo.

Fanya hivi: washa, subiri nusu dakika hadi dakika moja ukimalizia kukwangua vioo, ondoka polepole. Usivuke mizunguko 3,000, wala usiamshe turbo, mpaka oili ifike kama nyuzi 80. Siku za nyuzi 25 chini ya sifuri na zaidi, ipe dakika chache, na hita ya injini ichomeke kwenye umeme. Saa chache kabla ya kuondoka zinatosha. Winnipeg hata maegesho ya kazini yana soketi za kazi hiyo.

Swali: Nikiliwasha gari ndani ya banda, mlango nikauinua kidogo?

Jibu: Usithubutu. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua familia nzima iliyolala ghorofani.

Swali: (Barua nyingi mno.) Betri ilikuwa nzima jana, leo stata inalia tak-tak.

Jibu: Haikuwa nzima, baridi imeiumbua. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa karibu nusu tu ya nguvu zake, wakati huohuo oili nzito inaidai zaidi. Gari la spidi hukaa wiki nzima limeegeshwa, alamu na kompyuta zikinyonya moto kidogokidogo. Nunua chaja ndogo ya kuilinda, iache imechomekwa. Betri iliyoisha chaji inaweza kuganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri; iliyojaa huhimili hata nyuzi 50. Ukiikuta imevimba, usiiazimie moto kwa gari jingine: inaweza kulipuka. Na wanaowauzia unga wa kufufua betri, waambieni wafufue za kwao kwanza.

Swali: Nyumbani tulitumia oili ya 20W-50, nzito, inalinda injini. Niendelee nayo?

Jibu: Namba ya kwanza ndiyo inayoeleza tabia ya oili kwenye baridi. Ya 20W hupimwa kama stata itaweza kuzungusha injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Ya 0W, nyuzi 35. Fuata kitabu cha gari.

Swali: Fundi wa jirani amenijazia rejeta kulanti tupu, bila maji, eti ndiyo kali.

Jibu: Amekudhulumu. Ethilini glaikoli, kiini cha kulanti, ikiwa tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, inafika nyuzi 37. Itoe leo.

Swali: Ni kweli baridi huongeza nguvu za injini?

Jibu: Kweli. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko ya nyuzi 20 juu kwa asilimia 15 hivi. Sasa nguvu hizo utazipeleka wapi juu ya barafu?

Swali: Kioo kimeganda, nimwagie maji ya moto?

Jibu: Usimwagie, kinaweza kupasuka.

Neno la mwisho kwa wote: kama huna fedha za matairi ya baridi, huna gari la spidi la kuendesha Januari. Lijaze tangi, lichomeke kwenye chaja, ulifunike, upande Corolla hadi Aprili. Hakuna atakayekucheka, na hata akikucheka, si yeye atakayelipia injini.