Kabla Tingatinga Halijaingia kwenye Ploti

Mji wa Nyeri unajengwa. Kuanzia Ruring'u hadi Kamakwa, nyumba za zamani zenye bustani pana zinabomolewa kupisha gorofa za kukodisha, na mawaridi ya shosho hayamo kwenye ramani ya mjengo. Mimi huingia hapo katikati kuihamisha miti na maua, ploti ikishazungushiwa mabati na tingatinga likiwa bado halijafika.

Ongea na mwenye ploti mwenyewe. Fundi atakukubalia chochote, halafu kesho mwenyewe akuulize nani alikupa ruhusa. Uliza pia tingatinga linakuja siku gani, maana siku hiyo ndiyo itakayoamua uchukue nini na uache nini.

Ulaya watu huhamisha miti wakati wa baridi, ikiwa imepukutisha majani. Huku tunategemea mvua. Zile ndefu za njahi huanza Machi au Aprili, na zile fupi Oktoba. Usikimbilie manyunyu ya kwanza. Chimba ardhi ikishalowa hadi chini. Baridi ya Julai nayo, pamoja na ukungu wake, huyafaa mawaridi na haidrenjia, kwa kuwa majani hayapotezi maji mengi. Nanyuki ni habari nyingine: mvua ni chache na upepo ni mkavu, kwa hivyo huko mimi huhamisha vichaka vidogo tu, tena kwa mtu mwenye tangi la maji.

Kazi yenyewe iko kwenye udongo. Kwa kila sentimita 1 ya unene wa shina, acha donge lenye upana wa sentimita 10. Shina la sentimita 5 basi linataka donge la nusu mita, na hilo likiwa limelowa lina karibu kilo 100, kwa hivyo tafuta vijana wa kukusaidia kuinua. Ukiwa na miezi miwili mitatu mkononi, kata mduara kuuzunguka mti kwa sepetu kali kisha uuache hapo hapo. Mizizi mipya itachipuka ndani ya mduara, na mti utaondoka nayo.

Siku ya kuung'oa, mwagilia jana yake. Chimba nje ya mduara, ukiingia chini kidogo kidogo. Mzizi uliozidi unene wa kidole ukate kwa msumeno; ukiuvuta kwa jembe unapasuka, na hapo ndipo uozo huingia. Ukibandua udongo mwekundu taratibu utaiona mizizi ya kulisha, myeupe na myembamba kama uzi, mingi ikiwa juu juu tu. Hiyo ndiyo mali. Pitisha gunia la katani chini ya donge, yale ya kahawa yanafaa sana, kisha funga kamba. Wala usiinue mti kwa kushika shina: donge litabaki zima kwa nje, kumbe ndani mizizi imekatika. Kwenye pikapu funika majani kwa turubai, maana upepo wa barabarani hukausha kuliko jua.

Shimo jipya liwe pana mara mbili ya donge, lakini kina kiwe kile kile. Rudisha udongo ule ule, shindilia kwa mguu bila kukanyaga donge, mwaga maji. Mbolea ya dukani na samadi mbichi zisubiri. Tandaza majani makavu ya mgrevilea, usiyaegemeze shinani. Majani yote yakianguka, kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani, endelea kumwagilia.

Si kila mti unastahili jasho hili. Mgrevilea na mkaratusi nunua mche, utaupita ule wa kuhamishwa. Mparachichi mkubwa ni mgumu kuhamisha. Afadhali uchukue vikonyo ukavipachike kwenye mche mchanga, na ladha ile ile utakuwa nayo. Bogenvilia punguza matawi hadi magotini na usitikise udongo hata kidogo, mizizi yake ni dhaifu.

Mugumo mkubwa nao hauhamishwi na vijana wenye masepetu. Mwaka 2020, ule wa Waiyaki Way jijini Nairobi ulikuwa kwenye njia ya barabara mpya ya juu, na baada ya watu kupiga kelele, tangazo la rais likauacha pale pale. Mwenye ploti Nyeri hapati tangazo la rais. Ila mugumo una hisani: huota kwa tawi. Kata lenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita 2, liache kivulini utomvu ukauke, kisha lizike nusu mita mvua zikianza. Chagua mahali mbali na nyumba, na mbali zaidi na shimo la choo la jirani.